Sabuni Imebadilika Rangi: Jinsi ya Kutafuta Chanzo na Kurekebisha Sabuni za Njia ya Baridi

Umeloweka choya, maji yametoka mekundu ya kuvutia, ukayamimina kwenye sabuni yako ya njia ya baridi, ile isiyopikwa, ya mafuta na maji ya kostiki (soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni). Kabla hujaweka kijiko chini, wekundu umekwenda na mahali pake pamekaa kijani kichafu kisichoelezeka. Mwenzako amenunua maika (unga wa rangi unaong'aa) ya zambarau kwa bei ya kuumiza, asubuhi anafungua kasha la kugandishia sabuni anakuta kijivu. Mwingine sabuni yake ilikuwa nyeupe kabisa siku ya kuikata, na wiki ya tatu imekuwa kahawia.

Wote watatu watasema jambo moja, kwamba rangi ni feki. Mara nyingi si feki. Rangi ile ile ingekaa vizuri kwenye mshumaa, kwenye keki au kwenye sabuni ya kuyeyusha (ile unayoinunua tayari, ukaiyeyusha na kuimimina tu), ila haikutengenezwa kuvumilia kostiki, au joto, au manukato uliyochanganya nayo. Ndiyo maana kukimbilia kununua rangi nyingine ni kupoteza hela. Tafuta kwanza kilichoibadilisha.

Anza na saa

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayenitumia picha ya sabuni iliyoharibika rangi si "umetumia rangi gani". Ni "ilibadilika lini". Muda unakuambia mengi kuliko picha.

Kama ilibadilika ndani ya dakika chache, ungali unakoroga au ndiyo kwanza umemimina, mshitakiwa ni kostiki. Mchanganyiko mbichi una ukali wa pH 13 hadi 14, na sabuni iliyokomaa hubaki kati ya 9 na 10.5 hivi. Haishuki hadi 7 hata ukiikausha mwaka mzima, kwa hiyo rangi isiyopenda alkali haina pa kujificha.

Kama ilibadilika usiku, ndani ya kasha, shuku joto. Kama ilianza siku ya pili ikaendelea polepole kwa wiki kadhaa, shuku manukato, hasa yenye vanila. Kama ilikaa vizuri mwezi mzima ndipo ikaanza kupauka, hiyo ni kazi ya mwanga. Na kama imeota madoa ya rangi ya machungwa hapa na pale, hilo si suala la rangi tena, ni mafuta yanachacha.

Usihukumu mapema, lakini. Manjano, kile kiungo cha jikoni, ikikutana na kostiki hugeuka nyekundu ya damu ya mzee, mtu akiiona anamwaga kila kitu. Ukiiacha, kadiri kostiki inavyotumika na ukali unavyoshuka, inarudi kwenye machungwa au dhahabu. Zipo maika pia zinazopita kwenye kijivu siku ya kwanza kisha zikarejea. Subiri angalau saa 24 baada ya kukata ndipo useme imeharibika.

Kisha kata kipande katikati

Chukua kisu, kata kipande kimoja sehemu mbili, utazame uso mpya. Hapa ndipo kesi nyingi huisha.

Ukiona nje kumekuwa kahawia na ndani bado ni kweupe, kukiwa na mpaka unaoonekana, hiyo ni vanila. Weusi wake huanzia kwenye uso unaopata hewa na kusogea ndani siku hadi siku. Ukiona kinyume chake, yaani nje kumepauka na moyo bado una rangi nzuri, ni mwanga. Ukiona mduara mweusi zaidi katikati, unaong'aa kidogo mithili ya nta, na kingo zake zimepauka, na mduara huo ulikuwepo tangu siku ya kukata, basi kasha lilipata joto katikati na pembeni halikupata. Na ukiona ndani na nje ni sawasawa kabisa, kahawia tupu au kijivu tupu, rudi kwenye kostiki, au kwenye maziwa na asali vilivyoungua kama ulivitumia (tutavifikia kwenye joto).

Kuna ule unga mweupe unaokaa juu ya sabuni tu, ukikwangua kwa ukucha chini yake rangi iko vilevile. Hiyo ni magadi yaliyotokana na kostiki kukutana na hewa kabla haijaisha. Funika kasha vizuri, punguza maji kwenye fomula, usiwe na haraka ya kutoa sabuni kwenye kasha. Iliyokwisha kutokea, pitisha mvuke wa birika juu yake au ifute kwa kitambaa chenye unyevu. Tuendelee.

Rangi za mimea: zipi zinakaa, zipi zinakudanganya

Hapa wengi wetu ndiko tunakoanzia, kwa sababu jikoni zipo na mteja anapenda kusikia "asilia". Shida ni kwamba rangi nyingi nyekundu, za waridi na zambarau za matunda na maua zinatokana na aina moja ya kemikali, anthosiani. Anthosiani ni nyekundu kwenye asidi. Ndiyo maana juisi ya choya inapendeza, na ukiikamulia ndimu inazidi. Ukiipeleka kwenye alkali inapita zambarau, buluu, kijani, mwisho inaishia njano au kahawia. Choya, zabibu, zambarau za mtini, kabichi nyekundu, maua ya haibiskasi, zote ni familia hiyo. Hakuna ufundi wa kukoroga utakaoziokoa. Kuongeza ndimu pia hakusaidii: asidi ya ndimu inakula sehemu ya kostiki yako, fomula inayumba, na rangi bado inakufa.

Bitiruti ni kemikali nyingine ila hatima ni ileile, inaishia kahawia hafifu. Video zinazoonyesha sabuni ya bitiruti ya waridi mara nyingi zimepigwa dakika ya kumimina, au ni sabuni ya kuyeyusha.

Kijani cha majani kina ubishi zaidi. Unga wa mlonge, mwarobaini, mchaichai na mwani hutoa kijani kinachokubalika mwanzoni, lakini ndani ya wiki chache kinaelekea kaki. Wanaotengeneza sabuni za mwani kule Unguja wanalijua hili, na wengi wao hawapigani nalo: rangi ya udongo yenye vipande vya mwani ndani ina soko lake. Ukitaka kijani kidumu, mmea haukupi. Parachichi ndiyo kabisa, lile tunda bichi linapendeza kwenye blenda na kuishia rangi ya chai ya maziwa. Hina nayo hutoa kaki hadi kahawia, usitegemee wekundu unaouona mikononi mwa bibi harusi.

Sasa zile zinazostahili pesa yako.

Mzingefuri. Huu mti umejaa Zanzibar na Tanga, watalii wanapakwa mdomoni kwenye mashamba ya viungo, na wengi wetu tunaupita tu. Rangi ya mbegu zake huyeyuka kwenye mafuta na inavumilia kostiki vizuri. Weka mbegu kwenye chupa, funika kwa mafuta ya alizeti au ya nazi yaliyoyeyuka, acha ndani ya sufuria ya maji ya moto kwa saa moja au mbili, chuja kwa kitambaa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta hayo kwa kila nusu kilo ya mafuta ya fomula hutoa njano. Ongeza, inaelekea machungwa. Hesabu mafuta hayo kama sehemu ya mafuta yako, usiyaongeze juu. Adui yake pekee wa kuogopa ni jua.

Manjano inafanya kazi ikiwa kidogo: nusu kijiko cha chai kwa nusu kilo ya mafuta, ikorogwe kwanza kwenye mafuta. Ikizidi inachafua taulo za watu. Karoti iliyosagwa hutoa njano ya upole. Kahawa, kakao, mdalasini na liwa hutoa kahawia za viwango mbalimbali na hazina mshangao, isipokuwa mdalasini huwasha ngozi za watu wengine na huharakisha sabuni kuganda. Mkaa uliosagwa vizuri haubadiliki hata kidogo. Ukizidisha tu, povu linatoka kijivu.

Mawese mekundu ya Kigoma au ya Kongo ni rangi yenyewe, hayahitaji msaada. Hutoa machungwa ya nguvu, na kwenye mwanga hupungua polepole hadi njano.

Maika na rangi za unga za dukani: soma namba, acha jina

Muuzaji anaweza kuiita "Lavender Dream" au vyovyote apendavyo. Jina halikuambii kitu. Kinachokuambia ni namba za CI (Colour Index, namba za kutambulisha rangi) kwenye lebo au kwenye karatasi ya maelezo. Maika yenyewe, CI 77019, haina rangi ya maana, ni vipande vya madini vinavyong'aa. Rangi ni kile kilichopakwa juu yake, na hicho ndicho kinachovumilia au kushindwa.

Namba za kuamini: 77491 ni oksaidi ya chuma nyekundu, 77492 ya njano, 77499 nyeusi. 77288 na 77289 ni kijani za kromi. 77007 ni ultramarini, ambayo huja ya buluu, ya zambarau na ya waridi. 77891 ni titani dioksidi, nyeupe. Hizi zinapita kwenye kostiki bila wasiwasi. Ultramarini ina tabia moja ya kuchekesha: inaogopa asidi, si alkali. Ukiidondoshea siki inatoa harufu ya yai viza na kupoteza rangi. Kwenye sabuni iko nyumbani. (Vile vidonge vya zamani vya buluu ya kufulia nguo nyeupe vilikuwa ultramarini, lakini usivitumie kwenye sabuni ya kuogea. Hujui vimechanganywa na nini, na siku hizi vingi si ultramarini tena.)

Namba za kuogopa ni chache na ndizo zinazosababisha vilio vingi. 77742, zambarau ya manganizi, hugeuka kijivu au kahawia. Ile zambarau iliyokufa usiku kwenye kasha mara nyingi ni hii. 77510, buluu yenye chuma na sianidi ndani yake, inavunjwa na kostiki na kubaki kahawia ya kutu. Jina lake linatisha lakini kwenye vipodozi inaruhusiwa, ila sabuni ya njia ya baridi si mahali pake. 75470, kamini inayotokana na wadudu, huyumba kutoka nyekundu kuelekea zambarau na kupauka. Ukikuta namba hizi kwenye maika, inunue kwa ajili ya sabuni ya kuyeyusha tu.

Kisha kuna rangi za chakula, zile za keki: 16035, 19140, 42090 na jamaa zao. Baadhi huhama rangi kwenye alkali, na hata zisipohama, zinatembea. Umepanga mistari myeupe na ya buluu, baada ya wiki mbili mpaka umefutika, weupe umekuwa samawati. Mimi sizitumii kwenye sabuni yenye mistari hata kidogo.

Ukitaka zambarau isiyokusumbua, changanya ultramarini ya buluu na oksaidi nyekundu kidogo. Waridi: titani dioksidi na tone la oksaidi nyekundu. Haing'ai kama maika, lakini utaikuta asubuhi.

Jambo la mwisho hapa, na ni la kawaida mno: rangi ya mafuta yako. Maika ya buluu safi kwenye mafuta ya njano inatoka kijani, na zambarau kwenye mawese mekundu inatoka matope. Hapo hakuna kemia, ni hesabu ya rangi tu. Tumia mafuta meupe zaidi, au weka titani dioksidi kwanza ndipo rangi.

Manukato

Muulize muuzaji kiasi cha vanilini, ile kemikali ya harufu ya vanila, kwenye manukato yake. Akisema sifuri, vizuri. Asilimia moja inaweza kukupa rangi ya krimu, tano inakupa kahawia, kumi na kuendelea utapata chokoleti. Harufu si lazima iitwe vanila: kahawa, nazi, karameli, "baby powder", na michanganyiko mingi ya udi na ambari ya dukani ina vanilini ndani. Muuzaji asiyeweza kukujibu, mnunulie chupa ndogo tu ya kujaribu.

Dawa za kuzuia weusi wa vanila zinauzwa, lakini nyingi zilikusudiwa sabuni za kuyeyusha. Kwenye njia ya baridi ama zinachelewesha tu ama hazifanyi kitu. Njia yenye akili ni kugawa mchanganyiko: sehemu moja weka manukato, nyingine usiweke. Yenye manukato itakuwa kahawia, isiyo nayo itabaki nyeupe, na umepata mchoro. Jua tu kwamba kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili kahawia huvuja kidogo.

Mafuta ya karafuu yanastahili onyo la peke yake. Sehemu yake kubwa ni eujeno, na eujeno hutia sabuni rangi ya njano hadi hudhurungi, tena huiharakisha kuganda hadi unabaki na bonge kwenye ndoo kabla hujachanganya rangi ya pili. Asilimia nusu ya uzito wa mafuta inatosha kunukia. Iweke mwisho, koroga kwa mkono, weka blenda pembeni.

Joto

Sabuni inapoganda hutoa joto lake yenyewe. Likizidi, katikati ya kasha huingia hatua ya jeli, inakuwa laini na ya kupenyeza mwanga, na rangi hapo hukolea. Jeli si ugonjwa. Ugonjwa ni jeli ya nusu, inayokuachia ule mduara.

Kwa hiyo amua upande. Ukitaka rangi za kukolea, sukuma jeli ifike kingo: mimina mchanganyiko ukiwa na nyuzi 40 hivi, funika kasha, lifunge blanketi zito. Ukitaka rangi za upole au umetumia maziwa, asali au sukari, zuia jeli: mimina kwa nyuzi 30 au chini yake kidogo, usifunike kwa blanketi, weka kasha kwenye friji saa 24. Maziwa na asali vikipata joto vinaungua na kuwa kahawia, na kosa hilo hufanana sana na la vanila ukilitazama kwa nje. Ndiyo maana nasema kata kipande: la maziwa ni kahawia hadi ndani tangu siku ya kwanza.

Mahali ulipo pana neno. Dar es Salaam mwezi wa Januari, kasha la kilo mbili linaingia jeli bila kuombwa. Njombe au Limuru asubuhi, mafuta ya nazi yameganda kwenye chupa kabla hujaanza, na kasha dogo haliwezi kufika jeli bila msaada. Fomula ya rafiki yako wa Mombasa haitakupa rangi zilezile ukiwa Limuru.

Jaribio la vikombe

Hili lifanye kabla ya kumwaga pesa. Fomula: mafuta ya nazi gramu 200, mawese meupe gramu 300, kostiki gramu 75, maji gramu 150. Inaacha kama asilimia 5 ya mafuta bila kuliwa na kostiki. Pima kwa mizani, si kwa kikombe.

1. Vaa glavu na miwani, kaa penye hewa. Mimina kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki. Usitumie sufuria wala kijiko cha aluminiamu: kostiki inaila na kutoa gesi inayowaka moto.
2. Acha maji ya kostiki na mafuta vyote vishuke hadi nyuzi 35 hivi, changanya, piga blenda hadi uji mwepesi tu.
3. Gawa kwenye vikombe sita vya plastiki ngumu, kila kimoja gramu 120.
4. Kikombe cha kwanza usiweke chochote. Hiki ndicho shahidi wako. Usipokuwa nacho huwezi kujua kama rangi imehama au mafuta ndiyo yalivyo.
5. Cha pili, manukato peke yake. Cha tatu, rangi peke yake, chini kidogo ya robo kijiko cha chai kwa maika, ncha ya kisu kwa oksaidi, imekorogwa kwanza kwenye mafuta kidogo. Cha nne, rangi na manukato. Cha tano rudia rangi peke yake, cha sita rudia rangi na manukato.
6. Vikombe vidogo havipati joto la kutosha, kwa hiyo cha tano na cha sita viweke kwenye boksi la kuhifadhi baridi pamoja na chupa mbili za maji ya moto sana, funga hadi kesho. Hivyo umeiga jeli.
7. Piga picha mahali pamoja, mwanga uleule: ukimaliza kumimina, baada ya saa moja, kesho yake, wiki ya kwanza, wiki ya nne.
8. Siku ya pili toa sabuni, ukiwa bado na glavu, kata kila moja nusu. Nusu ifunge kwenye karatasi ndani ya droo, nusu weka dirishani.

Kikombe cha tatu kikiwa salama na cha nne kimebadilika, manukato ndiyo mkosaji. Cha tatu kizuri na cha tano kibaya, ni joto. Vyote vyenye rangi vimeharibika siku ya kwanza, ni kostiki, achana na rangi hiyo. Nusu ya droo nzuri na ya dirishani imepauka, rangi inafaa ila usiiuze kwenye meza ya juani.

Hifadhi

Sabuni zikaushie kwenye rafu yenye hewa na kivuli kwa wiki nne hadi sita. Kiosk chenye jua la mchana ni kaburi la mzingefuri, manjano na kila kijani cha majani. Weka kielelezo kimoja mezani cha kuonyesha, vingine vibaki kwenye karatasi.

Iliyokwisha kubadilika

Ikiwa ni rangi tu, sabuni ni salama na inaosha vilevile. Kuikwangua na kuiyeyusha upya hakurudishi rangi iliyokufa, kwani kilichoivunja bado kimo ndani. Ila unaweza kuifunika: ikwangue, iyeyushe na maji kidogo, tia mkaa au kakao, upate rangi nzito. Au igawe vipande vidogo uvipange ndani ya sabuni mpya nyeupe. Ya kahawia ya vanila nzuri haihitaji hata hayo, iite sabuni ya karameli na uiuze.

Usiiuze katika hali mbili. Ya kwanza ni madoa ya machungwa yenye harufu ya mafuta ya zamani. Hapo angalia umri wa mafuta, hasa alizeti, na maji yako: maji ya kisima yenye chuma huharakisha kuchacha, tumia ya mvua yaliyochujwa au yasiyo na madini. Ya pili ni vishimo vyenye majimaji au vipunje vyeupe vinavyochoma ulimi au kidole. Hiyo ni kostiki iliyobaki, na haiendi kwa mteja hata ikiwa na rangi nzuri kuliko zote kwenye rafu.